Baharia wa Karen

Joash Were aliipata kazi ya meli kwa uongo mmoja, na kwa miezi saba iliyofuata aliutunza uongo huo vizuri kuliko alivyoitunza baiskeli yake.

Uongo wenyewe aliutamka mwaka 1971, orofa ya tatu, Government Road, Nairobi, juu ya duka la viatu, mbele ya Injinia Zachariah Kihara. Kihara alikuwa kijana wa Kinoo aliyekuwa amerudi majuzi tu kutoka Ulaya, alikosomea mambo ya bandari: jinsi meli iliyofungwa gatini inavyosukumwa na upepo na mawimbi, na jinsi kamba zake zinavyovumilia au zinavyokatika. Mtu wa Kinoo! Kwao hakuna maji zaidi ya kijito ambacho mbuzi anakiruka, na mama yake aliwaambia wenzake kanisani kwamba mwanawe amesomea barabara, kwa sababu barabara walikuwa wameiona. Sasa Kihara alikuwa anatafuta seremala.

"Umewahi kufanya kazi na meli?" aliuliza.

Were alikuwa ameiona meli moja maishani, pale Kisumu, akiwa na miaka kumi na minne. Mjomba wake alimpandisha, naye akatapika kabla haijaondoka. Lakini mdomo wake ulijibu kabla yeye mwenyewe hajashauriwa.

"Miaka minane, gati la Kisumu. Mimi ndio nilikuwa nazifunga."

Minane! Miwili ingetosha kabisa. Were hakuelewa kamwe ile sita ya ziada aliitoa wapi. Miaka hiyo minane, ukitaka kujua, aliimaliza nyuma ya soko la Mumias akitengeneza meza, viti, na hasa majeneza, kazi nzuri kwa sababu mteja anayelala ndani harudi kulalamika.

Kazi mpya ilikuwa Karen, kwenye banda la zamani la farasi ambalo Kihara alikuwa amelikodi. Ndani ya banda walichimba dimbwi la saruji, hatua kumi na tano kwa nane, maji yakifika magotini. Upande mmoja kulikuwa na ubao mpana uliosukumwa na mota iliyokuwa ya kinu cha posho. Mota ikienda mbio, ubao ulileta mawimbi mafupi yenye kelele. Ikienda polepole, ulileta mawimbi marefu, mapana, ambayo jicho lilihangaika kuyaona. Upande wa pili kulikuwa na gati la mbao, nakala ndogo ya gati ambalo mabwana wa bandari fulani huko pwani walitaka kulijenga. Pembeni ilisimama feni kubwa, yenyewe ndiyo upepo. Na kando ya gati ilielea meli, urefu wa mtu mzima, kazi ya mikono ya Were. Kabla haijapakwa rangi ilifanana sana na jeneza, na Were alikaa siku mbili akingoja kugunduliwa. Badala yake Kihara aliizunguka, akaigonga kwa vidole, akasema hajawahi kuona chombo imara namna hiyo. Toka siku hiyo akawa anamwita Kapteni.

Jina hilo lilipanda baiskeli pamoja na Were mpaka Mutuini, alikokuwa amepanga chumba kwa mwenye nyumba aliyeitwa Mama Wangu. Haikupita wiki mbili, watoto wa jirani walikuwa wanampigia saluti. Mama Wangu alianza kumtolea kiti. Mkewe peke yake, Nakhumicha, ndiye hakufurahi.

"Baba Peres, hiyo Kisumu uliishi lini? Miaka hiyo yote si tulikuwa wote Mumias?"

"Mama Peres, wacha kelele. Watu wanasikia."

"Mimi nauliza tu. Nisije nikaulizwa kanisani nikasema ingine."

Shida ya uongo mzuri ni kwamba unaheshimika. Kila mara Kihara alipoanza kumweleza Were jambo la meli, alikatiza katikati na kucheka kwa haya. "Lakini nakufundisha nini, Kapteni? Wewe umeshika kamba zenyewe. Mimi nimesoma tu." Naye Were alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyechoka na bahari, na kusema, "Naam. Ni kama Kisumu tu." Maneno hayo manne yalimlisha miezi saba. Kihara alipofunga meli kwa nyuzi nene, na kwenye kila uzi akaweka springi ndogo ya kalamu, zile za kubofya alizozinunua River Road kwa dazeni, Were alisema ni kama Kisumu tu. Kihara alipounganisha kila springi na kipande cha uzi mwembamba wa kushonea nguo, Were alisema ni kama Kisumu tu, huku moyoni akijiuliza kama masomo ya Ulaya hayakumharibu kijana wa watu.

Majaribio yote aliyafanya Kihara mwenyewe, wakati Were yuko nje akipiga randa. Jioni walikaa ukingoni mwa dimbwi, miguu ikining'inia, na Kihara akaongea. Aliongea kuhusu uzito wa meli na mvuto wa kamba, kuhusu mawimbi yanayotoka mbali, kwa furaha ya mtu aliyekaa na kiu muda mrefu. Were alikunywa chai yake na kuitikia. Hakuambulia neno, lakini chai ilikuwa nzuri.

Basi ikafika Jumatano, na kesho yake mabwana wa bandari walikuwa wanakuja kuangalia. Kihara alikwenda mjini mapema kushughulikia hoteli yao. Were akabaki na ufunguo wa banda, na wazo la kujaribu mtambo peke yake ili kesho asiaibike mbele ya watu wa meli wa kweli.

Akawasha mota mbio. Mawimbi yakapiga makelele, maji yakaruka mpaka ukutani, na meli ikatetemeka kidogo tu pale ilipo. Were akatabasamu. Akaipunguza mota mpaka ubao ukawa unakwenda na kurudi kwa uvivu. Maji yakatulia hata ungedhani yamelala. Hapo meli ikaanza. Ilisogea mbele kidogo kando ya gati, ikarudi nyuma kidogo. Ikasogea tena, mbali zaidi, kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa na mtu asiye na haraka. Baada ya dakika chache ilikuwa inakwenda na kurudi urefu wa mkono mzima, na mara uzi mmoja wa kushonea ukakatika, tap!

Were alizima mota akiwa amelowa jasho. Aibu yake yote ilikuwa inaelea pale mbele yake. Maji yametulia na meli inacheza! Mtu yeyote wa meli angeingia, aone, na aulize swali moja tu: nani ameifunga hii? Na Kihara angejibu kwa fahari kwamba ni Kapteni, miaka minane Kisumu. Baada ya hapo ingekuwa ni kurudi Mumias, tena bila saluti.

Kosa, kwa maoni yake, lilikuwa wazi. Ni zile springi za kalamu. Akaingia dimbwini na koleo, akazing'oa zote akaziweka kwenye kopo, akang'oa na nyuzi za kushonea, akaweka waya wa kufungia vyuma. Aliukaza waya kwa koleo mpaka ukalia, kisha akauzungushia uzi wa zamani juu yake usionekane, wala mtu asijue springi hazipo. Akawasha mota, mbio na polepole. Meli haikusogea hata unene wa kucha. Were alikunja mikono akaitazama kwa mapenzi. Nikitaka kuwa baharia, alijiambia, hakuna wa kunizuia. Akapanda baiskeli kwenda nyumbani akipiga mluzi.

Wageni walifika saa nne asubuhi, watatu. Wa kwanza alikuwa mkubwa wao, mtu mnene mwenye suti ya kijivu aliyeangalia saa kabla hajasalimia. Wa pili alikuja na mkoba na hakufungua mdomo tangu mwanzo hadi mwisho. Wa tatu aliitwa Mzee Mukonyo, Mkamba aliyekaa pwani miaka mingi hata Kiswahili chake kilikuwa na chumvi. Yeye ndiye msimamizi wa watu wanaofunga meli huko bandarini. Alipompa Were mkono, Were alihisi mkono mfupi kuliko kawaida. Vidole viwili havikuwepo.

"Mzee, huyu ni Kapteni Were," Kihara alisema, tai yake ikiwa imekaa upande kwa wasiwasi. "Amefunga meli Kisumu miaka minane."

"Mashaallah," Mzee Mukonyo alisema, ingawa alikuwa mtu wa kanisa. "Basi sisi ni ndugu."

Were akarudi nyuma, karibu na feni.

Kihara alieleza. Safari hii alieleza mpaka mwisho, kwa kuwa mkubwa hakujidai kujua kitu, na Were akasikia kwa mara ya kwanza alichokuwa akifanya kwa miezi saba. Meli kubwa, Kihara alisema, haijali mawimbi mafupi ya dhoruba. Ni nzito, na yanapita kabla haijaamka. Inayoihangaisha ni ile mikunjo mirefu ya maji, mipole, inayoingia bandarini hata siku jua linawaka na hewa imetulia. Kamba za meli zinavutika na kurudi, na kwa hiyo meli pamoja na kamba zake ina mwendo wake, wa kwenda na kurudi. Maji yakiingia kwa mwendo uleule, kila wimbi linaongeza kidogo juu ya lile lililopita, mpaka kamba zinakatika. Ndiyo sababu kila kamba hapa ina springi, kuwakilisha mvutiko wa kamba, na uzi mwembamba unaokatika pale ambapo kamba ya kweli ingekatika. Upepo ukiongezeka kutoka nchi kavu, kamba zinakuwa tayari zimeelemewa, na mambo yanakuwa mabaya zaidi.

"Kwa hiyo gati likijengwa hapa," alimaliza, "siku maji yametulia ndiyo mtashangaa. Tazameni."

Were aliyasikia yote hayo, akautazama uzi uliouficha waya wake. Meli ilipaswa kucheza. Ile aliyoiona jana ndiyo kazi yenyewe, miezi saba ya kazi, na yeye alikuwa ameing'oa kwa koleo.

Kihara akawasha feni. Akawasha mota polepole. Mikunjo ya maji ikapita chini ya meli, mmoja baada ya mwingine. Meli ilikaa. Walingoja dakika tano, kisha kumi. Kihara akainama kuangalia mota, akaongeza mwendo kidogo, akapunguza kidogo. Shingo yake ilianza kulowa. Meli ilikaa, imara, kama kabati.

Mkubwa alicheka, si kwa ubaya. "Kijana, umesoma sana. Lakini mimi naona chombo kimelala usingizi."

"Juzi ilikuwa inatembea, mzee. Hata wiki iliyopita—"

"Ilikuwa." Mkubwa akamgeukia Mzee Mukonyo. "Na wewe je? Miaka mitatu unanisumbua na hadithi zako, pale meli haitulii, pale kamba zinakatika. Unaona? Vijana wako hawajui kufunga, basi. Ni uvivu tu. Mwezi ujao tunaanza kujenga."

Mzee Mukonyo alikuwa amechuchumaa ukingoni, ameweka ule mkono wake juu ya goti. Aliitazama meli, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejiambia mwenyewe, "Lakini mimi niliona. Siku hiyo maji yalikuwa kama kioo. Kijana wangu alikatwa miguu yote miwili na kamba, na maji yalikuwa kama kioo."

"Uliona vibaya," mkubwa alisema na kuangalia saa.

Hapa Were angeweza kunyamaza. Alijua hivyo, na baadaye hakujificha kwamba alifikiri kwanza juu ya mshahara, na juu ya kiti cha Mama Wangu, na kwa muda mfupi wa fedheha hata juu ya saluti za watoto. Mtu mwingine angeruka mara moja. Yeye alihesabu hasara zake moja moja, mkubwa akafunga vifungo vya koti, yule wa mkoba akaushika mkoba, na ndipo sauti yake ikatoka, nyembamba, isiyofanana kabisa na ya kapteni.

"Mzee hakuona vibaya. Mimi ndio nimeifunga vibaya."

Wote wakageuka.

"Niliweka waya," Were alisema. "Nikatoa springi. Niliona inacheza nikafikiri ni makosa yangu. Sikujua inatakiwa kucheza."

"Hukujua?" Kihara alisema. "Kapteni, miaka minane..."

"Sijawahi kufunga meli, Injinia. Hata siku moja. Mimi ni fundi wa majeneza, Mumias. Kisumu nilipita tu, na nilitapika."

Hakungoja jibu kwa kuwa aliogopa kulisikia. Aliingia dimbwini na viatu vyake vya Jumapili, koleo mkononi, akaanza kukata waya na kurudisha springi na nyuzi. Kamba ya kwanza, ya pili. Springi moja ilimponyoka ikazama, akaitafuta kwa vidole chini ya maji huku mabwana wakimtazama mgongo. Mara akaona mkono wenye vidole vitatu ukimpa nyingine. Mzee Mukonyo alikuwa amekunja suruali na kuingia naye majini.

"Usiikaze hivyo," mzee alisema. "Acha ipumue. Ndiyo, hapo. Sasa hii ya nyuma."

Walipomaliza, Kihara aliwasha mota bila kumtazama Were. Maji yakaingia kwa uvivu. Meli ikasogea kidogo, ikarudi kidogo. Mkubwa alikuwa bado amesimama mlangoni. Meli ikasogea zaidi, ikarudi zaidi. Mkubwa akarudi ndani hatua mbili. Dakika ya sita uzi wa kwanza ukakatika, tap, na mzigo wake ukaangukia wa pili, tap, na wa tatu, na feni ikaibeba meli taratibu mpaka katikati ya dimbwi, ikageuka ubavu, bila mtu.

Hakuna aliyecheka. Maji yalikuwa yametulia.

"Rudia," mkubwa alisema.

Walirudia mara tatu. Saa saba wageni waliondoka, na mkubwa alikuwa ameacha kuangalia saa. Mzee Mukonyo alimpa Were ule mkono na kuushikilia. "Miaka mitatu wananiita mwongo," alisema. "Ahsante, ndugu yangu." Were alitamani ardhi impasukie. Kuitwa ndugu na mtu huyo kulimuuma kuliko ambavyo matusi yangemuuma.

Gari lilipopotea, Kihara alirudi ndani akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Were akauweka juu ya ukingo wa saruji. Alikuwa tayari kwa kelele, na kelele hazikuja. Kihara alikaa chini palepale walipozoea kukaa, akalegeza tai.

"Kila jioni nimekuwa nakueleza," alisema. "Miezi saba. Hukuelewa hata moja?"

"Hata moja, Injinia."

"Sasa nilikuwa naongea na nani?"

Were alikuwa amejiandaa kwa kijana mwenye hasira, na aliyekaa pale alikuwa kijana mpweke, ambaye hapo Kinoo na Nairobi nzima hakuwa na mtu wa kumwambia kilichomjaa kichwani, akafikiri amempata mmoja. Were aliona haya kweli, si ile haya ya kugunduliwa aliyokuwa nayo tangu jana. Hii ilikuwa mbaya zaidi na haikuwa na dawa ya koleo.

Alikaa chini pia, viatu vikivuja maji.

"Nieleze sasa," alisema.

"Kazi huna, Bwana Were."

"Najua. Nieleze tu."

Kihara akachovya kidole kwenye maji, akachora mstari juu ya saruji, na mwingine, akasema hii ni meli, hii ni kamba, sasa ukiivuta meli halafu uiachilie...

"Hapo sijaelewa," Were alisema.

Kihara akafuta kwa kiganja, akaanza tena mwanzo, polepole zaidi. Were akamkatiza tena. Hapo pia hakuelewa, na hapo, na hapo. Aliuliza maswali ya kijinga kabisa, maswali ambayo mtoto wake Peres angeona haya kuyauliza, na mara ya nne au ya tano Kihara mwenyewe alikwama, akakuna kichwa, akasema hilo hata yeye itabidi akalitafute kitabuni. Walichora mpaka saruji ikalowa yote. Chai haikuchemshwa siku hiyo.

Ilipofika saa kumi na moja Kihara alisimama, akajipangusa suruali, akaokota makaratasi yake na kuelekea kwenye gari. Ufunguo ulikuwa bado uko pale juu ya ukingo.

"Funga mlango, Bwana Were," alisema. "Kesho tunajaribu na upepo mkubwa zaidi."